Jicho la Nyuma ya Trela

Jumanne, 2 Machi 1999

Nimemfunga Atieno mguu tena asubuhi. Maji ya uvuguvugu, dawa, kitambaa safi. Uvimbe umepungua. Ukucha wa kidole gumba ndio umekwenda zake. Alikaa kitandani akinielekeza nifunge vipi, kama anavyonielekeza nikirudi nyuma na trela. Kushoto kidogo. Hapo. Basi. Mke wangu huyu hata akiugua ni bosi.

Hiyo ndiyo kazi yake. Tukifika Homa Bay kuchukua magunia ya omena, dagaa wa ziwani, yeye hushuka, husimama nyuma ya trela na kunielekeza mpaka ufuoni. Trela ina kuta ndefu za mbao, nami nikiwa ndani ya pikapu sioni kilichoko nyuma yake. Anapiga ubao kwa kiganja. Kofi moja, njoo. Mawili, simama. Tangu tuoane ndiyo lugha yetu ya kazi. Mwezi jana alipiga mawili, injini ya boti ikameza la pili. Gurudumu likampanda mguu.

Sasa anasema tarehe 16, safari yetu ijayo ya Homa Bay, anarudi kusimama palepale. Nimekataa. Akasema basi nitafute mtu mwingine wa kusimama. Nimekataa pia, mguu wa mtoto wa mwenzangu nao ni mguu. Tumegombana hadi chai ikapoa.

Naogopa. Kila nikifumba macho namsikia akipiga ule ukelele.

Alhamisi, 4 Machi

Mzigo umefika kutoka kwa binamu yangu wa Mombasa, yule anayevunja mabasi makuukuu ya Japani. Nilimpigia simu baada ya ajali, nikalia kwenye kibanda cha simu hadi watu wakanigeukia. Ameniletea kamera iliyokuwa mgongoni mwa basi. Dereva wa Japani alikuwa akiangalia nyuma kwenye televisheni ndogo. Watu wana akili.

Televisheni yenyewe imefika vipande vipande. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, nikaenda kwa Chacha, fundi wetu wa redio hapa Migori. Amesema TV yetu ndogo ya nyumbani ina tundu la video, itafaa.

Tatizo: ile TV ni ya Atieno. Huitumia kutazama mieleka. Mwanamke anayeimba kwaya, mpole kanisani, akiona watu wazima wanatupana chini anapiga vigelegele. Nilizungukazunguka maneno hadi akanichoka.

"Baba Ouma, sema tu unataka TV. Chukua. Lakini mimi naenda na TV yangu popote itaenda."

Jumapili, 7 Machi

Siku nzima chini ya trela. Kamera imefungwa juu ya mlango wa nyuma, waya umepita chini hadi ndani ya pikapu. Nimewasha. Giza. Nimetikisa. Giza. Nimetukana kidogo kwa Kijaluo, Mungu anisamehe.

Chacha alikuja na kipimo chake. "Hii haijakufa, ina njaa tu. Ilizoea basi, na basi lina betri mbili." Tukachukua betri inayowasha TV nyumbani, tukaiunga na ya pikapu. Jicho likafunguka. Kitu cha kwanza kuonekana ni makalio ya mbuzi wa jirani.

Atieno alichechemea hadi mlangoni kuona. Alicheka mpaka akashika ukuta. Sijamsikia akicheka hivyo tangu aumie.

Jumatatu, 8 Machi

Picha inakatika. Nikikanyaga breki inajaa mistari. Nikiwasha taa ya kuashiria inaruka kwa mdundo wa taa, tik, tik. Hasira. Nimekata waya mzuri kwa kudhani ndio mbovu.

Chacha akaona kosa. Umeme wa kamera ulikuwa unarudi njia moja na wa taa za trela, kupitia chuma kinachoiunganisha na pikapu, na chuma chenyewe ni kutu tupu. Amevuta waya wa peke yake kutoka kwenye kamera hadi kwenye betri. Mistari imekwisha.

Jumatano, 10 Machi

Inafanya kazi! Atieno aliweka ndoo katikati ya ua, nyuma kabisa. Nikarudi nyuma pole pole, moja kwa moja, macho kwenye TV. Ndoo ikakua, ikakua, nikasimama ikiwa haijaguswa. Kuku walishuhudia.

Nimejiona mtu mkubwa. Nimetangaza kwa kila aliyepita njiani. Mzee wa kanisa alipopita nikamwambia madawati ya Sabato ya wageni nitayaleta mimi Ijumaa, na nitaingia kinyumenyume bila mtu wa kuniongoza. Hakuna aliyeniuliza.

Ijumaa, 12 Machi

Nimekwama kwenye lango la kanisa. Jua linazama. Nitaandika kesho likizama tena.

Jumamosi, 13 Machi, jioni

Sabato imekwisha, sasa naweza kushika kalamu. Aibu, aibu, aibu.

Ilikuwa hivi. Ua wa kanisa ni mwembamba, hakuna pa kugeuzia trela, lazima uingie kinyumenyume. Njia inapinda kabla ya lango. Nilikodolea TV macho, vioo vya pembeni sikuvitazama hata mara moja. Kwenye TV nguzo ilikuwa inakuja kulia. Nikaikwepa. Ikazidi kuja. Nikaikwepa zaidi. Kishindo. Kumbe nguzo ilikuwa kushoto! Kamera imetazama nyuma nami mbele, kama watu waliopeana mgongo: kushoto kwangu ni kulia kwake. Ndoo ilikuwa katikati, haikuweza kunionya.

Nikatia gia ya mbele, nikakanyaga mafuta kwa hofu, pikapu ikatumbukiza pua mtaroni. Trela imeziba lango lote. Tuliwahi kushusha madawati tu, jua likazama, na hapa kwetu jua likishazama Ijumaa hakuna anayesukuma gari. Tukaiacha. Leo waumini wote pamoja na wageni wameingilia pengo la ua wa michongoma. Miiba imekula lesi za kina mama. Mzee wa kanisa alinishika mkono mbele ya watu, akauliza kwa upole kabisa, "Jaduong', mzee wangu, na mbinguni pia tutaingilia kwa ua?"

Atieno alikuwa kwenye kwaya. Kila akinitazama midomo ilimcheza. Ubeti wa pili aliuimba akiwa ameinamisha kichwa.

Lakini tulipofika nyumbani hakucheka. Alikaa, akauweka mguu juu ya kigoda. Akasema kamera ni kitu kizuri, nimejaribu, ameona, na Jumanne atasimama nyuma. Nikasema nitauza trela kwanza. Akasema, "Na tule nini, TV?"

Nampenda mpaka nakasirika.

Jumapili, 14 Machi

Vijana wa kanisa waliinua pua ya pikapu, nikatoka mbele, lango likapumua. Nguzo imechunika tu. Ila madawati ni ya shule, lazima yarudi leo, na lango ni lilelile. Kinyumenyume tena.

Atieno alikuwa kando yangu, TV mapajani. Nilipotia rivasi akafungua mlango. Mguu mzima ulishagusa chini, ule wa kitambaa ndio ulikuwa unafuata. Nilimshika mkono. Nilimwambia rudi ndani, tafadhali, mbele ya vijana wote wale. Akarudi.

Jua lilikuwa linaingilia dirisha la nyuma na kupiga TV usoni, picha haionekani. Atieno akaigeuza, akaikumbatia kifuani kama mtoto, uso wa TV ukitazama mbele. Kisha, kwa kuwa kilemba kilikuwa kimelegea alipokuwa akishuka na kupanda, akavuta kioo cha katikati ajitazame. Mkono ukamgandia kilembani.

"Nguzo imehama," akasema.

Nikaangalia. Ndani ya kioo, TV ilikuwa inaonyesha nguzo kushoto. Nilitazama kioo cha pembeni. Kushoto. Tulipiga kelele wote wawili, kijana mmoja akadhani nimemgonga mtu. Kioo kinageuza kilichogeuzwa na kamera! Chacha na mimi tumekesha na nyaya, na dawa ilikuwa ni mwanamke kutengeneza kilemba.

Nimeingia lile lango polepole, macho kwenye kioo. Nguzo ilipita upande wake na trela ikapita upande wake. Mzee wa kanisa alivua kofia.

Jumatatu, 15 Machi

Nimefuta jicho la kamera kwa kitambaa laini. Nimekaza skrubu zote. Nimejaribu kutengeneza kibao cha kushikilia TV ili Atieno asihangaike. Amekitazama, amekitia jikoni, ametwanga nacho kitunguu saumu. Ujumbe umefika.

Jumanne, 16 Machi

Homa Bay. Boti za kutoka kisiwa cha Remba zilikuwa zimefika, injini zinanguruma, magunia ya omena yamepangwa. Ufuo ni uleule. Nilipoona mahali penyewe alipoumia nilipunguza mwendo.

Atieno hakushuka. Alikumbatia TV yake. Kioo cha katikati nilikigeuza kidogo, mle ndani mkawa na ufuo, mwisho wa njia, maji, na juu ya hayo yote kidevu chake na midomo yake iliyokunjwa kwa makini. Wachuuzi walipita nyuma, nikawaona, nikasubiri wapite. Nikashuka polepole.

Pale tunaposimama siku zote, kabla sijakanyaga breki, alinyoosha mkono akapiga mlango wa gari kwa kiganja, bila kufikiri, kama alivyozoea kupiga ubao.

Makofi mawili. Nimeyasikia yote mawili.