Binti Yangu Aliteleza, Nami Nikalitangazia Kanisa

Mpendwa Bi. Zeenat, naomba unijibu gazetini kabla Jumapili haijafika, kwa maana nikishika kichwa cha mteja mawazo yanahama hadi mistari inaenda upande, nami nimesuka watu hapa Kenyatta Market tangu nikiwa msichana. Majina nimeyaacha yalivyo, hakuna haja ya kuyaficha, kanisa zima linajua tayari.

Nina binti mmoja tu, Kavutha, ambaye mwaka jana alienda Kanada kufanya kazi ya kutunza wazee, mji unaitwa Vancouver, na kumbe huko mvua hainyeshi ikaisha kama yetu, inakaa tu kama mgeni asiyejua kuaga, na sisi ni watu wa Kitui, mvua tunaiombea, sikujua inaweza kumliza mtu, lakini Kavutha alikuwa ananipigia kila jioni yetu, kwake kukiwa ndio kunakucha, analia, "Mami, hata jua sijaona," nami naweka kitana chini, natoka nje ya saluni, namwombea kwenye simu mpaka anatulia.

Basi miezi ikapita, akanunua baiskeli. Nikamuuliza ya nini na mvua yote hiyo, akasema kama haikomi basi atalowa nayo, akawa anaenda nayo kazini, na siku za mapumziko anazunguka kando ya bahari amevaa koti la mvua, anaimba. Kulia kukaisha, simu nazo zikapungua, na akipiga anaongea mbio mbio, Kizungu kingi, sijui ski, sijui slope, hadi siku moja nikamkaripia, "Kavutha, usiniletee Kizungu ya mapua, ongea na mimi lugha yenye naelewa." Akasema sawa Mami.

Sasa Jumatatu moja asubuhi nilikuwa namsuka Ivyne, dada wa kikundi chetu cha maombi kule kanisani Kangemi, kichwa nusu kiko tayari na saluni imejaa, ukaingia ujumbe wa sauti wa Kavutha, na kwa kuwa mikono yangu ilikuwa na mafuta nikamwambia Ivyne abonyeze, na sauti ya mtoto wangu ikatoka watu wote wakisikia: "Mami, wikendi yote nimekuwa nikiteleza, na nimefurahia sana. Nimeanguka mara mingi, lakini kuna mwalimu anaitwa Norman, ananishika mkono ananiinua, ananiambia nijaribu tena. Saa hii siogopi kuanguka."

Bi. Zeenat, wewe ungefikiri nini? Kwetu kanisani mtu akisema ameteleza hatuulizi wapi, tunajua ni dhambini. Ivyne alishuka kwenye kiti na nywele zake zikining'inia upande mmoja, akanishika mabega, akasema, "Mama Kavutha, wacha tuombe." Tukaomba, hata wateja nisiowajua wakaomba. Jumapili nikasimama mbele mimi mwenyewe, hakuna aliyenisukuma, nikasema binti yangu ameteleza huko ughaibuni, na ameanguka na mwalimu wake, na hana hata hofu. Akina mama walilia. Pasta Mwangangi akatangaza wiki ya kufunga.

Ivyne naye akamwandikia Kavutha kwamba hata Daudi alianguka, arudi kwa Baba. Kavutha hakuelewa kitu, akanitumia video. Nikaona mlima mweupe wote, na mtoto wangu amefungwa mbao mbili miguuni, anateremka kwa kasi, anabingirika, na mzee wa ndevu nyeupe, babu kabisa, anamvuta mkono asimame. Huyo ndiye Norman. Na Kavutha anacheka, Bi. Zeenat, anacheka mpaka anashika tumbo. Ningeshukuru Mungu, si ndiyo? Mimi nilikaa kwenye kiti cha wateja nikalia, na mpaka leo sijui nililia nini.

Baadaye aliniuliza nani alimwambia Ivyne. Nikamweleza. Akaandika, "Mami, uliwaambia watu nimeanguka kabla uniulize." Tangu hapo namtumia salamu, anasoma, hajibu.

Nilimweleza Ivyne ukweli nikidhani atanisaidia, naye akasema, "Sasa utaaibisha nani? Pasta amefunga, sisi tumefunga. Wacha tuseme maombi yamejibiwa, Kavutha ametubu, tufanye shukrani yaishe." Na shukrani imepangwa Jumapili hii, mbuzi wawili wameshatafutwa, nami natakiwa kutoa ushuhuda. Nikinyamaza, heshima yangu iko na mambo yanapita. Nikisema, mimi ndiye mwenyekiti wa akina mama, nitaweka uso wapi? Na Kavutha anakuja Desemba, kama bado anakuja. Nifanye nini?

Mama Kavutha, Kangemi.

*

Mama Kavutha, dada yangu,

Nimecheka hadi chai ikaingia puani, kisha nikaisoma barua yako mara ya pili na sikucheka. Mimi ni Mwislamu wa Muthangari na mambo ya madhabahu yenu siyajui, ila ulimi naujua, hata huku tunao. Wazee walisema heri kujikwaa guu kuliko kujikwaa ulimi. Mwanao alijikwaa guu, akajipangusa akaendelea. Wewe ndiye uko chini mpaka sasa.

Kuelewa vibaya si kosa. Hata mimi ningeusikia ujumbe ule ningetafuta kiti. Kosa ni kwamba simu ilikuwa pale pale, ya kwako, na badala ya kumpigia mtoto na kumuuliza "Umeteleza wapi?" ulipeleka habari kwa kila mtu ila yeye. Na umesahau kitu kimoja. Kavutha alikuwa na neno lake la Kizungu, ski, rahisi, angelisema akapita. Wewe ulimkaripia, naye akakaa chini akakutafutia neno unalolielewa, ili mama yake asiachwe nje ya furaha yake. Neno hilo ndilo ulilompelekea Pasta Mwangangi.

Kuhusu Ivyne, usiumize kichwa. Anakuuzia uongo kwa bei ya mbuzi wawili. Shukrani hiyo ikifanyika, Kavutha atarudi Desemba akiwa mwenye dhambi aliyesamehewa dhambi asiyoifanya, na kila mwanamume atakayemtaka ataambiwa habari za Norman. Utamwambia nini siku hiyo, kwamba ulikuwa unalinda kiti cha mwenyekiti?

Sasa yale machozi ya kwenye video. Unasema hujui ulilia nini. Mimi nadhani unajua. Mtoto alipokuwa analia kila jioni, ulikuwa na kazi: ulitoka nje ya saluni, ukaomba, akatulia, na Vancouver ikawa mbali lakini wewe ukawa karibu. Aliponunua baiskeli, kazi hiyo ikaisha. Ndiyo maana uliamini upesi hivyo kwamba ameanguka, kwa sababu aliyeanguka anamhitaji mama. Sikusemi kwa ubaya. Wangu, Faizan, anaendesha baiskeli hapa mvua ikinyesha, nami nasimama dirishani nikisoma kila dua ninayoijua, na kuna kipande cha moyo wangu, Mungu anisamehe, kinachotamani apate mafua arudi ndani. Ni upendo, lakini ukiuachia njia unaharibu.

Kwa hiyo fanya hivi. Leo, kabla ya kumaliza kusoma gazeti, mpigie Pasta na umweleze mwenyewe, asije akausikia ukweli mbele ya watu. Jumapili simama pale pale uliposimama na useme kwa maneno machache: mtoto wangu anacheza kwenye theluji, mimi nilimsikia vibaya, nikamsema vibaya, naomba mnisamehe na jina lake mlirudishe mlikolitoa. Wakitaka kucheka, waache wacheke. Mbuzi wachinjwe tu, hawana makosa, na watu waliofunga wiki nzima wana njaa.

Ukitoka hapo mrekodie Kavutha ujumbe wa sauti. Usimtumie mistari ya Biblia wala usimtume Ivyne. Sema umekosa, sema ulichosema kanisani siku hiyo, kisha nyamaza umngoje, hata ikichukua wiki. Siku atakapopiga, muulize habari za mlima, na akianza kueleza usimkatize na helmeti wala nimonia wala "utarudi lini." Sikiliza akiwa na furaha, kama ulivyokuwa unamsikiliza akiwa na machozi.

Na ukilemewa, lia. Lia kwake, kwenye simu, mwambie nyumba imekuwa kubwa tangu aondoke. Mara hii wewe ndiye wa kubembelezwa, na nadhani mtoto uliyemlea anajua kubembeleza.

Bi. Zeenat