Firigisi ya Mtu wa Kutrai

Wafula mjukuu wangu,

Huku Endebess tu wazima, na ng'ombe amezaa. Unauliza kwa nini nilikukatia simu uliposema utatrai kuja Krismasi. Si ni hilo neno, bana.

Kwetu lililetwa na kaka yangu, karani wa Kitale. Alimwambia baba atatrai kuja kuvuna. Baba akauliza mwalimu, akaambiwa maana yake ni kujaribu, kutia bidii. Basi kuku akachinjwa, firigisi ikawekewa kaka, sisi wasichana tusiiguse. Ilikaa mpaka ikanuka. Kaka hata Kitale hakutoka. Aliona tu haya kusema hapana. Baba aliendelea kutazama njia.

Sasa nijibu, unakuja au huji? Ukisema huji, firigisi nitakula mwenyewe.

Kukhu wako