Fungua Kamba Kiunoni, Binamu

Murubona, Kasulu
9 Septemba 2014

Mpendwa binamu Hilali,

Assalam aleikum. Hali yako huko jangwani? Macho yanaonaje kwa mwanga ule, na ngozi ya pua iliyokuwa inabanduka kama ganda la kiazi, imepona? Sisi tunapumua. Mama yako, Shangazi Kuruthumu, mguu umetulia, ila kila jioni ananiuliza kama simu yako imeita. Wiki ya tatu hii haipatikani. Namwambia ni mtandao. Nadanganya vizuri, unanijua.

Kile kipande cha turubai linalong'aa ulichompa Nurudini atuletee kimefika. Mtaa mzima umekuja kujitazama. Nimewaeleza kazi yako kama injinia, mimi niliyeishia kidato cha pili: kwamba mmefunika mchanga ukubwa wa viwanja vitatu vya mpira kwa turubai hilo ili jua lirudi lilikotoka, na kila asubuhi wewe, mwanaume mzima, unalifagia vumbi peku kwa ufagio laini, hatua za bi harusi, unabandika viraka penye mpasuko kabla upepo haujapenya. Dadi jirani yetu kacheka mpaka kakaa chini.

Lakini barua yako ya mwisho sikumsomea Shangazi yote. Niliruka pale ulipoandika kwamba upepo wa vumbi ukija kila mtu anashika pembe yake, na wewe umewafundisha wenzako mtindo wetu wa kujifunga kamba ya turubai kiunoni.

Mtindo ule niliubuni mimi, na nimeringa nao miaka. Turubai la kuanikia mihogo, kamba kiunoni, mikono yote miwili inabaki kuzoa makopa. Basi Ijumaa nikatandaza kipande chako, hatua kumi kwa sita, nikamwaga makopa, nikajifunga. Upepo ukatoka bondeni. Bismillahi yenyewe sikuimaliza. Turubai likaniburuta kwa tumbo, binamu, hadi ukingoni mwa shimo la udongo wa matofali, na kina chake unakijua. Fundo limekaza, vidole haviingii. Dadi ndiye aliyekata kwa panga.

"Bingwa," akaniambia, "ulikuwa unakwenda Kibondo bila nauli?"

Nikacheka. Shangazi nimemwambia nimeanguka na bodaboda.

Hatua kumi tu, Hilali! Sasa hilo la kwenu litawapeleka wapi? Tangu siku hiyo upepo ukitikisa bati, nakuona wewe. Fungua kamba, na wenzako wafungue. Fungeni kwenye vigingi na mifuko ya mchanga. Likitaka kuruka, liacheni liruke. Msimamizi akifoka, mwambie fundi mwenyewe wa Kasulu kaufuta mtindo wake. Nilikosea. Itunze barua hii, maana neno hilo hutaliona tena kwa mwandiko wangu.

Dadi anakusalimu, na Nurudini, na dada yako Faudhia ambaye bado anakudai kanga. Mola akuweke mbali na kila upepo mbaya.

Ukikosa nafasi ya kuandika, mpigie mama yako umwambie neno moja tu: nimefungua. Yeye hataelewa. Mimi nitakuwa nimekaa hapo pembeni yake.

Akupendaye hata anapokucheka,
Saady