Bakuli la Samaki Wawili

Jumapili. Jua lipo, lakini la mapambo tu. Baridi ya Joburg inakata masikio.

Nimekaa jikoni kwangu, Mayfair, naandika.

Mchana nilimpeleka binti yangu Zuhura kwenye maonyesho ya vyombo vya kale vya China, mwalimu wao kawatuma. Mimi, niseme ukweli, nilifuata joto la ndani. Tukapita farasi wa udongo, tukafika kwenye kabati la kioo. Ndani yake bakuli la kijani, na chini samaki wawili wanafukuzana.

"Mama, si bakuli letu la tende lile?"

Lilikuwa pacha wake. Letu alinipa mama siku naondoka Tanga, urithi wa marehemu baba. Mwaka wa kumi na mbili huu nalowekea tende, nakorogea hina, na juzi, eish, nimemwekea paka maziwa.

Maelezo yalisema ni la mamia ya miaka, enzi za wafalme wa China. Kichwa kikaanza kuvimba. Kisha nikasoma mstari wa mwisho: kwetu pwani, wazee waliyapachika mabakuli haya kwenye makaburi ya wakubwa wao, kwa chokaa.

Chokaa.

Bakuli letu lilikuja na ganda jeupe mgongoni. Nikasema uchafu huu. Nikalikwangua kwa kisu siku mbili, nikamalizia kwa waya wa kusugulia sufuria, na jirani nikamwonyesha lilivyong'aa. Mtume wangu, nilikuwa nasugua kaburi.

Nimempigia mama. Akasema baba alilibandua ujanani kwenye kaburi la babu wa babu yake, maana watu walishaanza kuyang'oa mabakuli hayo. Akaona bora alifiche nyumbani, mambo yakitulia alirudishe. Kila mwaka alisema mwakani. Akafa hajalirudisha.

Nina hasira naye. Nina hasira na mama pia, aliyejua akanifungia kwenye kanga kama zawadi.

Tende za leo nimeziloweka kwenye bakuli la plastiki. Lile nimelipindua mezani. Kwenye kisigino chake, kisu kilipokosa kufika, imebaki punje moja ya chokaa. Sijaigusa.

Hapa nilikuwa nimeandika: nitalirudisha mwakani.

Nimefuta. Desemba hii.