Ng'ombe wa Kina Kulwa

Ijumaa

Makofi yale sikuyastahili. Mada ya mdahalo ilikuwa kama fedha za polisi zipunguzwe kwa kuwa uhalifu umepungua, nami nilitetea zipunguzwe. Nikasema hata bondeni wizi wa ng'ombe umekwisha, kwani siku hizi hakuna anayekwenda kuripoti kituoni. Darasa zima likashangilia.

Kulwa, rafiki yangu, hakupiga makofi. Kwao ni wafugaji huko huko bondeni, na juzi tu wameibiwa ng'ombe. Alinisimulia mwenyewe. Baba yake hakwenda kituoni kwa sababu gari la polisi halina mafuta. Alipiga yowe, sungusungu wanaolinda kijiji wakafuata nyayo mpaka zikapotea mtoni.

Yote hayo niliyajua wakati naandaa hoja. Nilitaka tu kushinda.

Tulipotoka akaniambia, "Unaongea vizuri, dada. Ng'ombe wetu wangekusikia wangerudi wenyewe." Akacheka. Mimi nilishindwa hata kumtazama.

Jumatatu nitamwomba mwalimu nisimame tena niseme ukweli. Najua nitazomewa. Ila kwanza nimwulize Kulwa kama bado angependa habari za kwao zisemwe na mimi.