Maji Chini ya Karavani

Jumatatu, 16 Machi 1981

Mke wangu na mama yake wameondoka saa moja kasoro kwenda dispensari. Nimemwaga tangi la choo, nimelisuuza, nimenawa mikono mara tatu. Kazi hii naifanya wao wakiwa nje tu. Mama Mkwe hajui nani anamwaga, au anajua na anajifanya hajui. Mimi vilevile.

Nilipolala chali chini ya karavani kulirudisha tangi, tone likanidondokea shavuni. Halikutoka kwenye tangi. Lilitoka juu, sakafuni. Nikaingia ndani. Plaiwudi kando ya sinki la choo imevimba kama andazi.

Sipendi kabisa. Wazungu wa barabara walipotuachia karavani hii miaka miwili iliyopita, Elias, dereva wa greda, alisema nimepewa debe lenye magurudumu. Nikamjibu ndilo debe pekee Rhotia nzima lenye choo cha kukalia. Nilitamba sana na choo hicho.

Sasa si suala la kutamba. Mama Mkwe ametoka Baray kwa sababu ya kidonda mguuni, juu kidogo ya kifundo. Sista wa dispensari amesema kioshwe kila siku kwa wiki sita, na asichuchumae, maana kuchuchumaa kunakipasua. Akikatisha, mguu utakatwa. Kwa hiyo choo cha shimo hapana. Ni hiki tu. Mguu wa mama wa watu unategemea plaiwudi iliyovimba.

Jumanne, 17 Machi

Mvua. Matope mekundu hadi kwenye kamba za viatu. Greda limesimama, dizeli hakuna. Mtunza stoo asiye na kitu stoo ana muda wa kuchunguza choo.

Nimeanza na bomba la maji safi. Nimelifuta likakauka, nimelizungushia ukanda wa tyubu ya baiskeli, na koki nimeifunga. Nikamwambia Paskalina, mke wangu, leo watumie maji ya kopo. Jioni akaja kuniambia sakafu imelowa. Basi si bomba.

Tangu Mama aje mimi nalala stoo, kati ya mapipa ya lami. Mtu na mama mkwe wake hawalali chini ya bati moja, sembuse bati lenye urefu wa hatua saba. Chakula naletewa nje, chini ya turubai. Tunasalimiana kupitia dirishani, mimi nikitazama upande wa Ngorongoro kama mtu anayesubiri basi. Mimi Mchaga, wao Wambulu. Katika hili hatujawahi kubishana.

Lami inaniumiza kichwa. Silalamiki. Nalalamika kidogo.

Jumatano, 18 Machi

Nimeshuku paa. Nimepanda na turubai la pili, nimeteleza, nimeshuka kwa makalio mbele ya Elias. Akauliza kama hiyo ndiyo ngazi mpya ya serikali.

Mvua haikunyesha kutwa. Sakafu imelowa. Si paa.

Alhamisi, 19 Machi

Leo nimefanya kazi kwa utaratibu, kama ninavyopima pipa la dizeli, enzi zile lilipokuwa na dizeli.

Walipoondoka nilijaza sinki maji, nikachora mstari wa penseli pale yalipoishia. Nikakaa kwenye ngazi nikasubiri saa nzima. Maji hayakushuka hata unywele. Nikakanyaga pedeli ya kumwagia maji mara kumi. Kavu. Nikapitisha kidole kuzunguka chini ya sinki. Kavu.

Halafu, naona aibu kuandika, nikakaa juu yake. Na suruali yangu, mtu wa miaka hamsini na moja, tochi mkononi, namulika sakafu kati ya miguu. Kavu. Nikainuka nikapafuta pale nilipokaa, kwa sabuni, mara mbili, kama mwizi.

Saa kumi jioni imelowa tena.

Choo hiki hakivuji kwa mvua, hakivuji kwa bomba, hakivuji kwangu, wala hakikuvuja kwa Paskalina miaka yote miwili. Kinavuja kwa mtu mmoja tu. Na huyo ndiye mtu pekee duniani ambaye siwezi kumwuliza.

Ijumaa, 20 Machi

Nimemtuma Paskalina aulize. Swali nililompa limekunjwa vizuri: je, Mama akiwa huko ndani, husikia kitu kikicheza? Paskalina akaenda, wakaongea Kimbulu muda mrefu. Akarudi.

"Anasema hasikii kitu."

"Anakaaje?"

"Baba Tere," akanionya.

"Nauliza kama fundi."

"Anasema anakaa kama watu wanavyokaa."

Nimeishia hapo. Nimekula ugali wa baridi. Kwaresima hii nimefunga sukari, kwa kuwa haipo.

Jumapili, 22 Machi

Baada ya misa Sista alimwita Paskalina pembeni. Nilisimama mbali, lakini si mbali sana. Kidonda kilikuwa kinaziba, sasa kinafunguka upya. Kila asubuhi anakuta kimepasuka pale pale. Akauliza kama Mama anachuchumaa. Paskalina akaapa kwamba nyumbani choo ni cha kukalia. Sista akanitazama mimi. Nikaitikia kwa kichwa, kwa fahari, mjinga mimi.

Amesema kikifika mfupani yeye hana dawa.

Mama alirudi amemshika Paskalina bega njia nzima. Mimi nilitangulia hatua ishirini, nimebeba mwavuli ambao hakuna aliyekuwa chini yake.

Jumatatu, 23 Machi

Nimejua.

Nilikuwa nimepiga magoti ndani, natafuta bolti za sinki. Mbili za upande wa kushoto zimeng'oka kabisa kwenye mbao iliyooza, sinki linainuka upande mmoja ukilisukuma. Uzito wote unaegemea kushoto. Nikajiuliza nani anakaa hivyo. Nikainua macho. Juu ya ukingo wa kiti, alama ya zambarau. Dawa ya kidonda ya Sista. Vidole vitano na kisigino.

Anapanda juu. Anashika fimbo ya pazia, anasimama kwenye ukingo, anachuchumaa huko juu na mguu ule. Kila siku. Sinki linang'oka na kidonda kinapasuka, kwa wakati mmoja, na mimi wiki nzima nafunga tyubu za baiskeli.

Nikamwita Paskalina nikamwonyesha. Hakushangaa.

"Umekikalia wewe miaka miwili," akasema. "Ulitaka yeye akikalie?"

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Kwamba mama yangu anaogopa joto lako?"

"Niliuliza."

"Uliuliza habari za choo."

Akafuta ile alama kwa ncha ya kanga. Tukakaa kwenye ngazi. Nilijisikia vibaya sana. Nilipaswa kujua siku ya kwanza tu. Ni jambo ambalo hata mtoto wa kwetu analijua: mkwe hagusi alipokaa mkwe. Nilihama kitanda, nikahama meza, nikahamia kwenye lami, nikajiona mtu wa adabu. Choo nikakiacha kama kilivyo kwa sababu nilikuwa najivunia.

Jumatano, 25 Machi

Jana nilikwenda Karatu kwa miguu. Seremala wa pale sokoni amenitengenezea kiti kipya cha mbao. Aliniuliza ni cha nani, nikasema cha wageni. Amekipiga msasa hadi kikawa kama shavu la mtoto.

Leo nimekata plaiwudi iliyooza, nimeweka ubao mzima, bolti nne mpya, gasketi ya tyubu ya lori. Nimesugua sinki kwa majivu na maji ya moto. Kiti cha zamani nimekizika nyuma ya stoo. Elias akauliza nani amefariki.

Paskalina atamweleza Mama mwenyewe, kwa lugha yao, taratibu, kesho au keshokutwa, kana kwamba wazo limetoka kwa Sista. Mimi kazi yangu ni kunyamaza tu.

Alhamisi, 26 Machi

Sikunyamaza.

Niandike ilivyokuwa. Jioni nimekaa chini ya turubai, nimeshiba, mvua imekatika, nimefurahi kwa mara ya kwanza wiki hii. Mama akanisalimia dirishani, akauliza kazi. Nikasema kazi nzuri. Halafu ulimi wangu, huu huu ulionipatia mke na kunikosesha vyeo, ukaendelea wenyewe:

"Kiti ni kipya, Mama. Sasa hakuna haja tena ya kupanda mlima."

Nilicheka mwenyewe.

Ndani hakuna aliyecheka. Nikasikia sufuria ikiwekwa chini polepole. Dirisha likafungwa. Hakulifunga Paskalina.

Na mtu hawezi kutaniana na mama mkwe hata kuhusu mvua.

Ijumaa, 27 Machi

Hakwenda dispensari. Hajala. Paskalina anatoka na kuingia bila kunitazama.

Mchana nilimwomba Elias akaongee naye. Yeye ni mtu wa kwao, tena wa rika la mdogo wake. Alivua kofia, akaingia, akakaa nusu saa. Alipotoka hakuwa na utani wowote, na Elias bila utani ni kama greda bila bledi.

"Amesema hana hasira na wewe," akaniambia.

"Afadhali."

"Si afadhali, Mchaga. Angekuwa na hasira ungempelekea mbuzi. Ana aibu. Mbuzi wa aibu hayupo."

Kesho kuna lori linalokwenda Baray kuchukua vitunguu. Ameshafunga mzigo wake.

Bado wiki tatu na siku mbili za kuoshwa.

Jumamosi, 28 Machi

Wameondoka. Paskalina amekwenda naye, na chupa ya dawa, na kanga mbili alizozichana vipande. Sista alikuja hadi kwenye lori kumsihi. Mama akamshukuru kwa adabu, akamshika mikono yote miwili, akapanda. Elias na dereva walimwinua. Mimi nilisimama nyuma ya karavani nisionekane nikiutazama mguu wake.

Paskalina aliniambia unga uko kwenye debe la bluu. Hilo tu.

Jumapili, 5 Aprili

Nimelala karavanini. Hakuna wa kumheshimu humu sasa.

Sakafu kavu. Nimelijaribu sinki kwa kila njia. Halivuji. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya kwa mikono yangu, na hakuna hata mtu mmoja anayeitumia. Mimi mwenyewe nakwenda kwenye choo cha shimo, na mvua hii.

Nimejaribu kumwandikia Mama barua kupitia Paskalina. Kila sentensi inageuka mzaha. Nimechana.

Jumamosi, 18 Aprili

Dereva wa vitunguu ameleta habari. Mvua ilikata barabara ya Baray siku kumi na moja. Dawa iliisha. Walikuwa wanaosha kwa maji ya chumvi. Mguu umebadilika rangi, wamembeba kwa machela hadi palipopitika, sasa yuko hospitali.

Kesho Pasaka. Elias amenialika kwake kula. Nimesema nitakwenda. Siendi.

Alhamisi, 30 Aprili

Nimefika hospitali saa nane mchana. Wamekata chini ya goti, Jumatatu. Paskalina alinipokea kwenye uwanja, amekonda, akaniambia yote hayo kabla sijaweka chini mfuko. Kisha akanisafishia kola kwa kidole kama zamani.

Wodini sikuingia. Nilisimama nje ya dirisha, mgongo ukutani, mahali pangu. Nilimsikia Mama ndani akikohoa. Nikamwamkia. Akaitikia. Nikasema pole, nikaishia neno hilo moja. Muuguzi mmoja alipita akanitazama kama mtu aliyepotea.

Halafu Mama akasema kitu kwa Kimbulu, kwa sauti ndogo. Paskalina akatoa kichwa dirishani.

"Anauliza kama umekula."

Nikasema mwambie nimekula, nimeshiba, namshukuru.

Sikuwa nimekula tangu jana.