Ndege ilishuka ubavu, nami nimefika

Baba Skola, mume wangu,

Nakusalimu wewe na hao mbuzi uliowafanya kisingizio cha kuogopa ndege ya madaktari. Kiti chako kilikuja kitupu.

Tulifika juu ya Kasulu tukiwa bado juu mno, na mvua inakaribia kiwanja. Rubani akasema tukipitiliza, tunarudi Kibondo. Turudi, na binti yetu yuko leba?

Mara kindege kikalala ubavu, kikashuka hivyo hivyo upande upande! Nikaegemea upande wa juu, kama ninavyofanya kwenye baiskeli ya ndizi, nikamvuta na daktari wa watu.

Rubani akacheka. "Bibi, tulia, nimekilaza makusudi. Nikiinamisha pua tu, kitakimbia mno. Kikienda ubavu upepo unakizuia."

"Sasa si ungesema kwanza, wewe mtoto!"

Karibu na ardhi akakinyoosha, tukatua. Nilipiga vigelegele mpaka daktari akaziba masikio.

Na nimewahi! Mtoto alipolia nilikuwa mlangoni, muuguzi akanikabidhi mimi wa kwanza. Wa kiume, ana pua yako. Woga wako asiuchukue.

Nakukumbuka, mzee wangu. Kula vizuri, halafu uje umwone, hata kwa miguu.

Mkeo, Mama Skola